Ngano Isiyokwisha: Tafakuri juu ya Jaribio katika Falsafa na Maadili ya Tiba

Utangulizi

Makala haya yana chanzo chake katika kosa nililolitenda mwenyewe. Mnamo mwaka 2017 watafiti wa mradi mmoja kutoka ng'ambo waliniomba niwatafsirie visa vinne vifupi kwa Kiswahili, kisha nisimamie usomaji wake kwa wakazi wa Njoro, Bahati na Rongai, pembeni mwa Nakuru, ambayo wakati huo haijatangazwa kuwa jiji. Visa hivyo vilihusu maamuzi ya hospitalini: nani apewe dawa iliyo haba, nani aambiwe habari za ugonjwa wake, na mengineyo ya aina hiyo. Kila kisa kilipokwisha kusomwa, msikilizaji alitakiwa ataje nambari kutoka 1 hadi 7, ambapo 1 ilimaanisha "si haki kabisa" na 7 "ni haki kabisa". Nilikubali kazi hiyo kwa sababu mbili: ujira, na imani kwamba kazi yangu ni lugha tu, mengine ni ya wenye taaluma yao.

Kisa cha tatu kilikuwa hiki. Hospitali ina mashine moja ya kumsaidia mgonjwa kupumua. Mzee wa miaka 70 ameunganishwa nayo. Analetwa kijana wa miaka 20 ambaye bila mashine hiyo atakufa. Je, ni haki daktari amwondolee mzee mashine ampe kijana? Nilimsomea mzee mmoja wa Rongai kisa hiki, tumeketi chini ya mti uani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo mgonjwa mzee ana watoto?" Nikajibu, kama nilivyoagizwa, kwamba kisa hakisemi. "Na huyo kijana, aliyemleta ni nani?" Kisa hakisemi. "Wenyewe wameambiwa?" Nikarudia jibu lile lile. Akatabasamu, akasema, "Basi, mwalimu, hadithi yako haijaisha. Nenda ukaimalize, kisha urudi uniulize."

Nilikuwa na fomu nyingi za kujaza kabla ya jua kutua. Nikaandika nambari 9, ambayo katika maelekezo yetu ilimaanisha "hakuelewa swali".

Katika kurasa hizi nanuia kuonyesha kwamba kisa kinachotumiwa katika majaribio ya falsafa na ya maadili ya tiba ni utanzu wa masimulizi, tena utanzu ambao fasihi simulizi yetu inaujua kwa jina. Na maadamu ni masimulizi, maswali ya hadhira ni sehemu ya jibu lake. Mtafiti anayeyafuta maswali hayo ili abaki na nambari ametupa nusu ya kile alichokuja kukitafuta. Hata hivyo itanibidi nikiri pia kwamba yako maswali ambayo ni heri kisa kiyazuie.

Mwanafalsafa anapowauliza watu

Kwa muda mrefu mwanafalsafa alibuni kisa, akajiuliza mwenyewe, akajijibu, na akalitoa jibu lake kwa niaba ya binadamu wote. Mwaka 1967 Philippa Foot wa Uingereza alibuni kisa cha dereva wa tramu isiyoweza kusimama, ambaye hana budi kuamua ama kuwagonga watu watano walio mbele yake, ama kuigeuza tramu katika reli nyingine amgonge mmoja. Kisa hicho kimezaa maandishi chungu nzima, na aghalabu maandishi hayo huegemea kauli ya kwamba jambo fulani ni dhahiri kwetu sote. Wanafalsafa wa majaribio walikuja na swali jepesi: sisi sote ni akina nani? Badala ya kukisia, wakatoka na karatasi zao kwenda kuuliza.

Mfano unaotajwa sana ni wa Joshua Knobe, wa mwaka 2003. Aliwaendea watu katika bustani ya umma mjini New York, akawapa kisa cha mwenyekiti wa kampuni anayeambiwa kwamba mpango mpya utaleta faida, na pia utaharibu mazingira. Mwenyekiti anajibu kwamba mazingira hayamshughulishi. Anachotaka ni faida. Mazingira yanaharibika. Asilimia 82 ya waliosoma kisa hicho walisema ameyaharibu kwa makusudi. Kundi la pili lilipewa kisa kile kile, ila safari hii mpango ungeyafaidi mazingira. Hapo ni asilimia 23 tu waliosema mwenyekiti ameyafaidi kwa makusudi. Kumbe hukumu tunayoitoa juu ya nia ya mtu huathiriwa na wema au ubaya wa tendo lenyewe, jambo ambalo mwanafalsafa aliyekaa ofisini asingelikisia kwa urahisi. Mbinu hii ilipoingia katika maadili ya tiba, haikukawia kupata watetezi. Kufikia mwaka 2020 baadhi yao, akiwemo Brian Earp, walikuwa wakitaka itambuliwe kuwa tawi kamili la taaluma hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuipokea habari hii kama jambo geni. Katika miaka ya 1970 H. Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alianza kuwaendea wazee wenye hekima ili kuonyesha kwamba fikra za kifalsafa haziwahitaji wasomi wa vitabu peke yao, na mwaka 1990 alichapisha kitabu juu ya falsafa hiyo ya wahenga. Oruka hakubeba mizani ya nambari. Aliuliza, akalipinga jibu alilopewa, kisha akasubiri aone kama mzee atayarudia mapokeo ya jamii yake tu, au atayapima kwa akili yake mwenyewe. Kwake yeye, namna mtu alivyolipokea pingamizi ndiyo iliyomtenga mjuzi wa mila na mwanafalsafa. Mwaka 1981 Peter Bodunrin wa Nigeria aliishuku mbinu hiyo kwa hoja kwamba fikra zinazopatikana hivyo ni zao la watu wawili, mhoji na mhojiwa. Kwa mhakiki wa fasihi simulizi hoja hiyo ni sifa zaidi ya lawama, kwa kuwa hatujui ngano yoyote ambayo si zao la fanani na hadhira yake.

Neno lenye hukumu ndani yake

Kabla ya kufika kwenye ngano, kuna suala la lugha. Wakati mmoja nilikitumia kisa cha Knobe darasani. Nikaifanya kampuni ile kuwa ya kulima maua kando ya Ziwa Naivasha, ili wanafunzi wasihangaike na mambo ya mbali. Upande wa kwanza haukuwapa taabu: mwenyekiti ameliharibu ziwa makusudi. Nilipofika upande wa pili na kuuliza kama mwenyekiti amelifaidi ziwa makusudi, wakacheka.

Kicheko hicho kina maana. Husemwa kwamba mtoto amekivunja kikombe makusudi. Hasemwi kwamba amekiosha makusudi, isipokuwa kwa kejeli. Katika matumizi ya kila siku neno "makusudi" huwa limekwisha kubeba lawama kabla ya msikilizaji kuulizwa kitu. Nilijaribu "kwa kukusudia", na kicheko kikapungua. Nilijaribu "kwa nia", na mwanafunzi mmoja Mwislamu akanikumbusha kwamba nia ni ya saumu na sala. Kila neno lilikuja na hukumu yake. Sisemi kwamba matokeo ya Knobe ni batili. Ninachosema ni kwamba mfasiri wa kisa cha jaribio hana neno lisilo na upande, na akichagua neno huwa amechagua pia sehemu ya jibu.

Hata jina la mbinu yenyewe lina taabu. Kumjaribu mtu ni kumtia mtihanini, pengine kumtega. Mama mmoja wa Bahati aliponisikia nikimtuliza kwamba "hili ni jaribio tu", aliniuliza kwa upole kwa nini nimetoka nyumbani kwangu kuja kumjaribu yeye. Wenzetu wa pwani wameyaona yanayofanana na hayo. Mwaka 2004 Sassy Molyneux, Norbert Peshu na Kevin Marsh walichapisha uchunguzi kuhusu ridhaa inayotolewa na washiriki wa utafiti wa tiba huko Kilifi. Walionyesha kwamba wengi waliokwisha kutoa ridhaa hawakuwa wameutenga utafiti na matibabu. Wala huo si upungufu wa akili. Aliyemleta mtoto mwenye homa, akapokelewa na mtu aliyevaa koti jeupe, ana kila sababu ya kuamini kwamba mtoto wake anatibiwa.

Kisa cha jaribio na ngano ya mtanziko

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba miongoni mwa ngano kuna ngano za mtanziko, ambazo humalizikia kwa swali. Mwaka 1975 William Bascom alikusanya ngano za aina hii kutoka pembe nyingi za Afrika na kuonyesha jinsi zilivyoenea. Kuna ile ya ndugu watatu: mmoja ana kioo cha kuonea mbali, wa pili ana chombo cha kusafiria upesi, wa tatu ana dawa. Kwa kioo wanamwona binti akiwa mahututi, kwa chombo wanamfikia, kwa dawa wanamponya. Nani kati yao amwoe? Tazama, hiki nacho ni kisa cha maadili ya tiba: mgonjwa, mwenye habari, mwenye usafiri na mwenye dawa, na swali la nani anamdai nani.

Kisa cha jaribio na ngano hii vinafanana sana. Vyote viwili ni vifupi. Wahusika wake hawana majina, wana nafasi tu: mzee, kijana, daktari, ndugu mkubwa. Vyote huacha uamuzi kwa msikilizaji. Tofauti iko katika kinachofuata swali. Katika ngano, swali hufungua ubishi: hadhira humrudi fanani, humdai maelezo zaidi, mtu huuliza kama binti mwenyewe ameulizwa anampenda nani, na fanani hulazimika kuongeza au kukiri kwamba hajui. Katika jaribio, swali hufunga mazungumzo. Mtafiti ana sababu yake: akimjibu huyu hivi na yule vile, hatakuwa tena na kisa kimoja cha kulinganishia watu. Sababu hiyo ni ya haki, na sisi tusiozoea kuhesabu tusiidharau.

Gharama yake, hata hivyo, huonekana hapa hapa katika Bonde la Ufa. Kisa maarufu cha Lawrence Kohlberg, cha mume ambaye mkewe anakufa kwa kansa na mwuza dawa anadai bei asiyoimudu, kimewahi kufikishwa kwa Wakipsigis. Mwaka 1981 Sara Harkness, Carolyn Edwards na Charles Super walichapisha utafiti wao katika jamii moja waliyoiita Kokwet, wakilinganisha wazee wanaotegemewa kuamua mashauri na wanaume wenzao wasio na sifa hiyo. Wazee waamuzi walionyesha hatua ya juu zaidi, lakini hata wao hawakufika kileleni mwa ngazi sita za Kohlberg. Neno kokwet kwa Wakipsigis ni baraza la majirani. Mwamuzi wa barazani husifiwa kwa jinsi anavyowasikiliza wagomvi hadi wakarudi kuwa majirani. Ngazi ya Kohlberg humpa mtu alama kwa kanuni ya jumla anayoitaja akiwa peke yake mbele ya mgeni. Mzee akipimwa kwa kipimo hicho, kazi yake bora haionekani popote.

Kinyume chake ni habari ya Waorma wa Mto Tana. Jean Ensminger aliwapelekea mchezo wa majaribio ya kiuchumi ambapo kila mchezaji hupewa fedha, akaamua kiasi cha kutia katika mfuko wa wote. Mfuko huongezwa na mtafiti, kisha hugawanywa sawa. Wachezaji wakautambua mara moja: huu ni mchezo wa harambee. Wakauita hivyo. Hadhira iliipa ngano jina, na kwa jina hilo ikaeleza inaicheza kwa desturi ipi. Bahati njema mtafiti alikuwa na sikio la kulisikia na kalamu ya kuliandika. Laiti angelipita kama nilivyopita mimi Rongai, tungebaki na viwango vya fedha tu.

Swali lenye makali mawili

Nimesema kwamba yako maswali ambayo ni heri kisa kiyazuie. Mimi ni mkazi wa Nakuru. Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipofika Nakuru na Naivasha, watu waliulizwa vizuizini vitambulisho vyao, majina yao na lugha ya mama zao, na jibu likaamua nani apite na nani asipite. Anayesifu hekima ya kuuliza "huyu ni wa nani?" hana budi kukumbuka kwamba swali hilo limewahi kuua katika barabara tunazopita kila siku. Mgonjwa asiye na jina wala ukoo, ambaye mhakiki angemwona kuwa mhusika bapa, ana kinga ambayo mhusika kamili hana. Mtu mmoja aliponiuliza, katika kazi ile ile ya mwaka 2017, kijana wa kisa cha tatu ni wa kabila gani, nilishukuru kwamba jibu langu lilikuwa tayari: kisa hakisemi.

Je, maswali ya mzee wa Rongai yalikuwa ya namna hiyo? Nimelifikiria jambo hili sana, na naona sivyo. Yeye aliuliza kama mgonjwa ana watoto, kijana ameletwa na nani, na kama wenyewe wameambiwa. Alikuwa akitafuta watu wanaostahili kuitwa kabla ya uamuzi. Anayeuliza kabila anatafuta mtu wa kumtoa katika hesabu. La kwanza hulipanua baraza, la pili hulifunga. Mbinu inayoyaweka maswali haya mawili chini ya nambari 9 moja imeshindwa kuona tofauti ambayo kwetu ni tofauti ya uhai na kifo.

Tena baraza lenyewe si mahali pa haki kila mara. Palikuwa na mke kijana huko Bahati ambaye mbele ya mama mkwe alisema mgonjwa asiambiwe ugonjwa wake, kisha tulipobaki wawili akaniomba niibadilishe nambari, kwa kuwa yeye binafsi angetaka kuambiwa. Karatasi ya siri ilimpa sauti ambayo hadhira ingemnyima. Naandika haya ili nisieleweke kuwa naipigia debe mila dhidi ya sayansi.

Wodini

Mwaka 2021 baba yangu alipata kiharusi. Tulimfikisha katika hospitali moja ya Nakuru usiku, na asubuhi yake daktari aliniita kando. Akanieleza kwa heshima kwamba ubongo umeharibika sana, kwamba kumpeleka baba katika chumba cha wagonjwa mahututi hakutambadilishia hali, na kwamba anahitaji kauli ya familia. Ndugu yangu alikuwa njiani kutoka Molo. Mama alikuwa nyumbani Njoro, amelala baada ya usiku wa mkesha, na mimi niliona ni huruma kutomwamsha. Nilielewa kila neno la daktari. Nilijua maana ya ridhaa, nilikwisha kuitafsiri. Nikatia sahihi kwamba asihamishwe.

Jioni mama alipoletwa nilimweleza. Alinyamaza, akamshika baba mkono. Baba alifariki siku ya pili yake. Baada ya matanga mama aliniambia maneno ambayo sijapata jibu lake hadi leo: "Ulichoamua ndicho hicho hicho ambacho ningekisema mimi. Lakini hukuniuliza." Tumeishi vizuri tangu hapo, wala hajalirudia.

Kama ningemsomea mama habari ile kama kisa cha tano na kumtaka nambari, nadhani angenipa 7: ni haki kabisa. Nambari hiyo ingekuwa ya kweli, na isingeonyesha hata chembe ya lile lililotutenganisha. Mizani yetu ilipima uamuzi. Mama alikuwa akipima jinsi ulivyofikiwa, na ni nani aliyeachwa nje ya mlango ulipofikiwa. Hayo ndiyo aliyoyauliza mzee wa Rongai kwa maneno yake mawili: wenyewe wameambiwa?

Fomu za mradi zilikwenda na wenyewe, lakini daftari langu la safari lilibaki, na mwaka uliofuata nililisoma upya. Pembeni mwa kurasa nilikuwa nimedokoa maswali ya watu, bila nia yoyote, kama mtu anavyoandika apitishe muda. Siwataji watu hao, maana ridhaa waliyonipa haikuwa ya makala haya. Ninachoweza kusema ni kwamba wengi wao waliuliza kabla ya kujibu, na kwamba maswali yao yalirudi mara kwa mara katika jambo moja: nani ameambiwa.

Nilirudi Rongai. Mzee alikuwa hai, ingawa kisa alikuwa amekisahau. Nilimkumbusha, na badala ya kukimaliza kwa kubuni nikamsimulia habari za baba. Sikumwomba nambari. Akasema, "Pole, mwalimu," kisha akauliza mama yangu yu hali gani.

Hitimisho

Sikusudii kusema kwamba majaribio hayafai katika falsafa au katika maadili ya tiba. Yametuonya tusiseme "sisi sote" ovyo ovyo, na onyo hilo linatuhusu hata sisi wahakiki, ambao huandika "msomaji huona" bila kumuuliza msomaji hata mmoja. Ninachopendekeza ni mambo matatu ambayo taaluma yetu inaweza kuyachangia. Kwanza, tafsiri ya visa ifanywe pamoja na wazungumzaji, na maneno yaliyokataliwa yatangazwe pamoja na yaliyochaguliwa. Pili, kila kisa kisomwe mara mbili: faraghani, ili mnyonge apate kusema, na hadharani, ili ubishi upate kusikika, tofauti ya majibu hayo mawili ni matokeo, isihesabiwe kuwa dosari. Tatu, maswali ya wahojiwa yaandikwe kikamilifu, yapangwe kwa aina zake na kuchapishwa kando ya nambari. Kuuliza si ujinga, ingawa fomu niliyoibeba ilikuwa na kisanduku kilichosema kwamba ni ujinga.

Hospitali zetu zinaendelea kudai ndiyo au la kutoka kwa familia zilizosimama kwenye korido, na huenda kesho mwongozo wa kuamua nani apewe mashine ukaandikwa kwa kutegemea majaribio ya aina hii. Itakuwa vyema iwapo kabla ya siku hiyo mtu aliyesomea fasihi simulizi atakuwa ameketi na watunga fomu, akawaeleza kwamba msikilizaji anayesema hadithi haijaisha huenda ndiye aliyeielewa. Mimi nilipata nafasi ya kusema hivyo mwaka 2017, na sikuitumia.